Ukuaji wa Umeme Jadidifu Afrika Mashariki na Nafasi ya Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa sana na wanafunzi wa skuli, masheha, wenye nyumba za wageni na mafundi umeme kila mazungumzo yanapofika kwenye sola, mabwawa na waya unaotuletea umeme kutoka Bara. Anayetaka hesabu ya paa la nyumba yake tu anaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali la mwisho. Lakini atakayeanza juu ataelewa vizuri zaidi kwa nini hesabu hiyo ina maana.

Umeme unaowaka Unguja na Pemba unatoka wapi?

Karibu wote unatoka Tanzania Bara, kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari. Unguja iliungwa na gridi ya Bara mwaka 1980 kwa kebo ya kilovolti 132 yenye uwezo wa megawati 45, inayoingia baharini Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na kutokea Fumba. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa Millennium Challenge. Pemba ilisubiri zaidi. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, mpaka mwaka 2010 kilipopata kebo yake ya kilovolti 33 kutoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway. Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, hununua umeme huo kwa jumla kutoka TANESCO na kuusambaza kwa wateja wake.

Kwa hiyo mtu anapowasha taa Jang'ombe au Wete, anatumia mchanganyiko uleule unaotumika Morogoro na Dodoma, yaani maji ya Rufiji, Kihansi na Pangani, pamoja na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Zanzibar iliijua taa ya umeme mapema kuliko sehemu kubwa ya mwambao huu, kwani Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, linatajwa kuwa la mwanzo hapa kutiwa umeme. Hata hivyo, kuwa wa mwanzo kuutumia hakukutufanya kuwa wazalishaji wakubwa, na ndiyo maana historia ya mabwawa na mitambo ya Bara na ya nchi jirani ni historia yetu pia.

Ikiwa umeme unafika, kwa nini tushughulike na chanzo chake?

Waliokuwa watu wazima mwaka 2008 na mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa sana. Mwezi wa Mei 2008 Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja. Tarehe 10 Disemba 2009 hitilafu kwenye kebo, upande wa Fumba, ilikizima kisiwa tena, na safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Wakati huo Bara ilikuwa na umeme. Kilichokosekana ni njia ya kuuvusha.

Athari yake kubwa haikuwa giza. Visima vya maji vya Unguja huvutwa kwa pampu za umeme, na pampu ziliposimama mifereji ilikauka, watu wakarudi kwenye visima vya kamba, ndoo na madumu, na mwenye gari la punda akapata kazi ya kutwa. Madukani Mjini kulisikika vijenereta vidogo kuanzia asubuhi, kila kimoja kikitoa moshi mbele ya mlango wake. Muuza samaki aliyekuwa na friza alilazimika kuuza siku hiyohiyo kwa bei yoyote. Baada ya hapo yalifungwa majenereta ya dizeli ya dharura pale Mtoni, na kebo ya mwaka 2013 ikaongeza njia ya pili. Hatua hizo mbili zilikuwa za lazima, lakini hakuna hata moja kati yake iliyozalisha umeme kutokana na kitu tulichonacho wenyewe visiwani. Hapo ndipo suala la chanzo linapotuhusu. Jua linalopiga juu ya paa la Micheweni halihitaji kuvuka mkondo wa Pemba ili liwashe taa ya Micheweni.

Ni vyanzo vipi vinavyohesabiwa kuwa jadidifu?

Ni vile ambavyo matumizi ya leo hayapunguzi kilichopo kesho: maji, jua, upepo, jotoardhi, mabaki ya mimea na taka, na nguvu za bahari. Gesi asilia haimo, ingawa huchafua hewa kidogo kuliko dizeli na makaa ya mawe.

Umeme jadidifu umekuaje Afrika Mashariki kwa muda mrefu?

Ulianza na maji, na kwa miongo kadhaa ulibaki kuwa maji peke yake. Bwawa la Owen Falls mjini Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na kufikia mwaka 1958 Uganda ilikuwa ikiiuzia Kenya umeme. Wazo la nchi za ukanda huu kugawana umeme kwa hiyo ni la zamani kuliko uhuru wa nchi zenyewe. Kwa upande wa Tanzania, kituo cha Hale kwenye mto Pangani, cha megawati 21, kilianza mwaka 1964. Nyumba ya Mungu ikafuata miaka michache baadaye. Kisha Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, kikajengwa kwa awamu mbili katika miaka ya 1970 na kufikia megawati 204. Mtera ilikuja mwaka 1988 ikiwa na megawati 80, Pangani mpya mwaka 1995 ikiwa na megawati 68, na Kihansi ikakamilika mwaka 2000 ikiwa na megawati 180.

Hatua ya pili ilitoka ardhini. Mwaka 1981 Kenya ilianza kuzalisha umeme kwa mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, na kwa muda mrefu kituo hicho kilionekana kuwa kitu cha pembeni. Leo jotoardhi ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote nchini humo, inatoa zaidi ya theluthi moja ya umeme wake, na ukijumlisha maji, upepo na jua, karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya ni jadidifu. Mwandishi wa ukurasa huu anaamini kwamba Olkaria ndiyo somo kubwa zaidi la ukanda mzima, kwa sababu ilikua kidogo kidogo, kisima baada ya kisima, kwa zaidi ya miaka 40, bila kusubiri mradi mmoja mkubwa wa kumaliza kila kitu.

Hatua ya tatu ni ya upepo na jua. Rwanda ilifungua mtambo wa jua wa Rwamagana wa megawati 8.5 mwaka 2014, Uganda ikafungua wa Soroti wa megawati 10 mwaka 2016, na Kenya ukafuata wa Garissa wenye megawati zipatazo 50 mwaka 2019. Kwenye upepo, mitambo 365 ya Ziwa Turkana ina uwezo wa megawati 310.

Kisha maji yamerudi kwa kishindo. Uganda imezindua Karuma ya megawati 600. Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana megawati 80 za maporomoko ya Rusumo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, liliwasha mtambo wake wa kwanza mwezi Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025, na kwa jumla yake ya megawati 2,115 limekuwa zaidi ya nusu ya uwezo wote wa mitambo ya gridi ya Tanzania. Ethiopia nayo ilizindua bwawa lake kubwa la mto Abay, yaani Nile ya Buluu, la zaidi ya megawati 5,000, mwezi Septemba 2025.

Mbona kuna miaka ambayo sehemu ya umeme jadidifu ilishuka, na mitambo haikupungua?

Kuna sababu mbili, na ni vyema zisichanganywe.

Ya kwanza ni mvua. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalishuka kiasi kwamba Tanzania iliingia kwenye mgao mkali, na mwaka 2011 hali ikajirudia. Mitambo ya Kidatu na Mtera ilikuwa palepale, mizima, lakini mto haukuwa na cha kuwapa. Nchi inayotegemea mto mmoja au miwili hukuta ukuaji wake wa miaka 30 ukiyumba kwa msimu mmoja wa vuli uliokosa mvua.

Ya pili ni hesabu ya sehemu dhidi ya jumla. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuendesha mitambo ya Ubungo, na mwaka 2015 likaongezeka bomba la kutoka Mtwara. Umeme wa maji haukupungua kwa sababu hiyo. Umeme wote ndio uliokua, na sehemu kubwa ya nyongeza ikawa ya gesi. Mtu akisoma asilimia tu atasema umeme jadidifu ulirudi nyuma, na akisoma uniti tu, yaani kiasi cha umeme kilichozalishwa, atasema ulisimama. Anayetaka kuuelewa mwenendo wa muda mrefu asome vyote viwili, na achukue miaka isiyopungua kumi ili mwaka mmoja wa ukame au wa mvua nyingi usimpotoshe.

Je, megawati moja ya jua ni sawa na megawati moja ya jotoardhi?

Kwa uwezo ni sawa, lakini kwa uniti hazikaribiani. Megawati hueleza mtambo unaweza kutoa kiasi gani ukifanya kazi kwa ukamilifu. Uniti, yaani kilowati-saa ile tunayoinunua kwenye Tukuza, mita zetu za malipo ya kabla, hueleza kilichotoka kweli. Mwaka una saa 8,760. Mtambo wa jotoardhi hufanya kazi usiku na mchana, hivyo megawati yake moja inaweza kutoa uniti zaidi ya milioni 7 kwa mwaka. Megawati moja ya paneli katika ukanda wetu hutoa takriban uniti milioni 1.5, kwa sababu jua huchomoza na kuchwa, mawingu hupita, na kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 9 alasiri nguvu yake ni ndogo. Mitambo ya upepo ya Turkana imo katikati, na kwa mitambo ya upepo inafanya vizuri mno, kwa kuwa upepo wa bonde lile ni mkali na wa kudumu.

Hata bwawa kubwa halitoi yote yaliyoandikwa juu yake. Bwawa la Julius Nyerere lingefanya kazi kwa ukamilifu mwaka mzima lingetoa zaidi ya gigawati-saa 18,000 (kila moja ni uniti milioni moja), lakini makadirio ya mradi ni kiasi cha gigawati-saa 5,900, kwa kuwa maji ya Rufiji ndiyo yanayoamua. Kwa hiyo, kila tangazo la mradi linapotolewa, liwe la jua, la upepo au la maji, swali la kuuliza ni moja: utatoa uniti ngapi kwa mwaka?

Kama Bara sasa ina umeme wa kutosha, kwa nini kwetu unaendelea kukatika?

Kwa sababu kuzalisha ni kazi moja, na kufikisha ni nyingine. Kenya ililiona jambo hili kwa gharama kubwa. Mitambo ya upepo ya Turkana ilikuwa imesimamishwa yote mwaka 2017, lakini njia ya kusafirishia umeme mpaka Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari, na mitambo ikakaa bila kuungwa mpaka Septemba 2018.

Kwa Zanzibar, umeme wote wa gridi hupita kwenye kebo chache zenye kikomo chake, na mahitaji yanapanda. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Ongezeko hilo la karibu watu 600,000 ndani ya miaka kumi lina nyumba, skuli, pampu za maji, mafriza na hoteli zake. Kebo ya Unguja ya mwaka 1980 imeshapita miaka 40 majini. Tena, baada ya kebo kuna vituo vya kupozea umeme, transfoma na nguzo za mitaani, na mara nyingi umeme unaokatika jioni ya mvua katika shehia moja peke yake hauhusiani kabisa na bwawa wala kebo: ni tawi la mwembe lililoangukia waya, au transfoma iliyobebeshwa nyumba nyingi kuliko ilivyopangiwa. Mradi wa uzalishaji hauwezi kuponya ugonjwa wa usambazaji, na wananchi wana haki ya kuelezwa ni upi kati ya hiyo miwili unaowakabili.

Jua la Unguja na Pemba linatosha?

Linatosha. Visiwa viko kwenye latitudo ya nyuzi 5 na 6 kusini ya Ikweta, na kila mita moja ya mraba hupokea wastani wa kilowati-saa zipatazo 5 kwa siku. Masika, hasa mwezi wa Aprili na Mei, hupunguza kiasi hicho kwa mawingu mazito, na vuli hupunguza kidogo. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndipo jua huwa kali. Bahati nzuri miezi hiyo ya kaskazi ndiyo pia ya joto na ya wageni wengi, viyoyozi vikiwa vinafanya kazi mchana kutwa, hivyo uzalishaji na mahitaji ya mchana hupanda pamoja.

Kinachobana ni ardhi. Megawati moja ya paneli zilizotandazwa chini huhitaji takriban hekta moja na nusu. Unguja ina ukubwa unaozidi kidogo kilomita za mraba 1,600, na Pemba haifiki 1,000, na ndani ya eneo hilo kuna mashamba ya mikarafuu na minazi, makaazi yanayopanuka, misitu ya hifadhi kama Jozani na Ngezi, na uwanda wa mawe ambao wengine huuona kuwa mtupu, wakati wenyeji wanachungia mifugo na kulima humo. Mwandishi angependa kuona mapaa yakitangulia: mapaa ya skuli, hospitali, maghala, masoko, hoteli na majengo ya Serikali. Paa limekwisha kujengwa, halina mgogoro wa mpaka, na umeme wake hutumika palepale bila kupotea njiani. Mashamba ya jua yatahitajika pia, lakini yaanzie kwenye ardhi ambayo wananchi wake wameulizwa kwanza.

Na usiku itakuwaje?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na anayeuza sola bila kulijibu hamtendei haki mteja wake. Matumizi ya umeme visiwani hupanda baada ya Magharibi, kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati nyumba zote zimewasha taa, televisheni na feni. Saa hiyo paneli hazitoi kitu. Kwa hiyo hata tukifunika kila paa, kilele cha usiku kitabaki palepale mpaka tuwe na njia ya kuhifadhi umeme wa mchana.

Betri kubwa za lithiamu ni njia mojawapo, na bei yake imeshuka sana katika miaka kumi na tano iliyopita. Gridi ya kisiwa huzihitaji kwa sababu nyingine pia: wingu kubwa likipita juu ya shamba la jua, uzalishaji unaweza kuanguka kwa zaidi ya nusu ndani ya dakika chache, na betri ndiyo inayoweza kuziba pengo hilo papo hapo.

Lakini zipo njia za kuhifadhi zisizokuwa na betri, na hizi zinastahili kusemwa zaidi kuliko zinavyosemwa. Pampu ya kisima ikiendeshwa kwa jua kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni na kujaza tangi la juu, maji yatashuka kwenye mifereji usiku kucha kwa uzito wake yenyewe bila kutumia uniti hata moja. Barafu ya kuhifadhia samaki inaweza kugandishwa mchana na kupakiwa ngalawani alfajiri. Hoteli inaweza kuchemsha maji na kufua mashuka mchana badala ya usiku. Kila kazi inayohamishwa kutoka saa 2 usiku kwenda saa 6 mchana hupunguza betri ambayo ingelazimika kununuliwa. Wavuvi wa dagaa wametangulia katika hili: palipokuwa na karabai za mafuta ya taa, vyombo vingi sasa huvua kwa taa za LED zinazowashwa kwa betri, na betri hizo zinaweza kuchajiwa kwa jua la mchana wakati nahodha na mabaharia wake wamelala.

Upepo wa kusi na maji ya bamvua havifai?

Upepo unafaa kwa kiasi. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Septemba, hasa upande wa mashariki unaoelekea bahari kuu, na kwa kuwa unaanza wakati masika yamepunguza jua, vyanzo hivyo viwili husaidiana. Tatizo ni miezi ya matlai, yaani wakati kaskazi na kusi zinapobadilishana na bahari kutulia. Upepo wetu haulingani na wa Turkana, na mitambo mirefu huhitaji eneo, barabara pana na kreni kubwa za kunyanyulia.

Maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita nne, na kila anayeyaona hujiuliza kwa nini nguvu hiyo ipotee bure. Teknolojia yake ipo, lakini ni ghali, sehemu chache sana duniani zinaitumia kibiashara, na mwambao wetu umejaa matumbawe, mwani na madema. Kwa sasa isubiri.

Watu wa visiwa vidogo na vijiji vya mbali wamefaidika na nini?

Kwao sola imekuwa ya kwanza, kabla ya gridi. Mfano unaojulikana ni kituo cha Barefoot College kilichopo Kinyasini, Kaskazini Unguja, ambapo wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa mama na bibi ambao hawakupata skuli kwa muda mrefu, hufundishwa kuunganisha paneli, betri na taa, na kuzitengeneza zinapoharibika. Wakirudi kwao hufunga sola katika nyumba za kijiji na kuzihudumia.

Jambo la kutazama hapa ni matengenezo. Miradi mingi ya sola vijijini, hapa na kwengineko Afrika, huanza kwa sherehe na kufa baada ya miaka mitatu au minne, betri zinapochoka na hakuna aliyeweka fedha za kununua nyingine. Mama anayejua kufungua chombo na kupima waya, na kamati inayokusanya mchango mdogo kila mwezi, hurefusha maisha ya mradi kuliko paneli ya gharama kubwa.

Zanzibar ina mipango gani?

Mradi mkubwa ni ule wa mageuzi ya sekta ya nishati unaojulikana kwa kifupi ZESTA, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa thamani ya dola za Marekani milioni 142. Ndani yake zimo njia za umeme mkubwa katika Unguja, hifadhi ya betri na umeme wa jua. Mwaka 2023 ZECO pia ilitia saini makubaliano na wawekezaji binafsi kwa ajili ya megawati 180 za jua. Usimamizi wa bei na ubora wa huduma uko chini ya ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Saini ni mwanzo. Kati ya saini na uniti ya kwanza huwa kuna ardhi, mkopo, kituo cha kupokelea umeme na mkataba wa bei, na kila kimoja kinaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Kwa nini sola imekuwa rahisi hivi karibuni?

Kwa sababu dunia imezalisha paneli nyingi mno, na kila viwanda vilivyoongezeka bei ilishuka. Mwisho wa mwaka 2010 dunia nzima ilikuwa na gigawati zipatazo 40 za jua. Mwaka 2022 zilivuka 1,000. Katika muda huohuo gharama ya umeme wa mitambo mikubwa ya jua ilishuka kwa takriban asilimia 90. Afrika, yenye jua bora kuliko mabara mengine, ina sehemu ndogo mno ya paneli hizo, na sababu kubwa ni mikopo: gharama ya sola hulipwa karibu yote siku ya mwanzo, na anayekopeshwa kwa riba kubwa hushindwa hata pale ambapo hesabu ya miaka 20 inampa faida.

Paneli hudumu kwa muda gani katika hewa ya chumvi?

Paneli nzuri hupewa dhamana ya miaka 25 na hupoteza takriban nusu asilimia ya nguvu kila mwaka. Kinachoharibika kwanza kwetu ni vifaa vinavyoizunguka: boliti, fremu, viungo vya waya na inverta, yaani chombo kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani. Karibu na pwani tumia boliti za chuma kisichoshika kutu, weka inverta ndani au kivulini, na osha paneli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi wakati wa kiangazi. Acha nafasi ya kupitisha hewa kati ya paneli na bati, kwa sababu joto hupunguza nguvu yake. Fremu zifungwe kwenye kenchi, zisishikwe na bati peke yake: kimbunga kilibomoa sehemu kubwa ya mji wa Zanzibar mwezi Aprili 1872, na Hidaya kilipita karibu na Mafia mwezi Mei 2024. Betri za asidi hudumu miaka mitatu hadi mitano, za lithiamu kiasi cha kumi.

Nikitaka kupiga hesabu ya paa langu, nianzie wapi?

Anzia kwenye Tukuza. Angalia uniti ulizonunua kwa miezi mitatu, ukiingiza na mwezi mmoja wa joto, kisha gawanya kwa siku. Chukua nyumba inayotumia uniti 6 kwa siku: friji moja hula kama uniti moja na nusu, feni tatu usiku kucha hula karibu mbili, na zinazobaki ni za taa, televisheni, pasi na pampu ndogo ya maji. Kila kilowati moja ya paneli hapa hutoa wastani wa uniti 4 kwa siku, kwa hiyo kilowati moja na nusu ingetosha kwa wastani. Kwa kuzingatia Aprili na Mei, weka kilowati mbili. Hizo ni paneli nne za wati 500, zinazochukua takriban mita za mraba 10 za paa.

Upande bora wa paa ni unaoelekea kaskazini kwa mlalo mdogo wa nyuzi 10 hivi, ili mvua ioshe vumbi. Paa la mashariki au magharibi nalo halikosi sana, kwa kuwa jua letu hupita karibu na utosi. Hakikisha hakuna kivuli cha mnazi kati ya saa 3 na saa 9, kwani kivuli cha kuti moja juu ya paneli moja kinaweza kupunguza nguvu ya safu nzima. Kisha gawa uniti zako mafungu mawili, za mchana na za usiku. Ikiwa 4 kati ya 6 ni za usiku, betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 ndiyo inayokufaa. Ikiwa unaweza kuhamishia pasi na pampu mchana ukabakiwa na uniti 3 za usiku, ya kilowati-saa 4 itatosha, na tofauti hiyo utaiona kwenye bei utakayopewa na fundi. Kabla ya kuunganisha mfumo wowote na nyaya za gridi, mwone fundi mwenye leseni na uwaarifu ZECO, kwa sababu mfumo unaorudisha umeme kwenye waya ambao mafundi wa mtaani wanadhani umezimwa unaweza kumuua mtu juu ya nguzo.